Uhakiki Usioandikwa: Utani, Kejeli na Manung'uniko ya Wanamuziki wa Taarab na Dansi

Utangulizi

Mwanafunzi wa fasihi ya Kiswahili anapotakiwa kuuchambua wimbo wa taarab, aghalabu hupewa karatasi. Katika karatasi hiyo mna beti kadhaa, kiitikio, na pengine jina la mwimbaji. Ataihesabu mizani, atavitaja vina vya kati na vya mwisho, atayafumbua mafumbo, kisha ataeleza dhamira: mapenzi, wivu, usaliti, nasaha. Kazi hiyo si haba, na makala haya hayakusudii kuibeza. Hata hivyo, wenye wimbo wenyewe, yaani watunzi, waimbaji na wapigaji ala, hawauzungumzii wimbo kwa namna hiyo. Wanapokutana mazoezini, au wanapofunga vyombo alfajiri baada ya harusi, huzungumzia sauti iliyopanda mno, nyuzi zilizokataa kupatana, mpiga dumbak aliyeharakisha, mwimbaji aliyelivunja neno, mgeni aliyeukatiza ubeti kwa noti ya shilingi. Na sehemu kubwa ya mazungumzo hayo huja kwa sura ya utani.

Makala haya yanashikilia kuwa utani huo ni uhakiki. Una vigezo vyake, una istilahi zake, na una mapokeo marefu yanayoweza kufuatiliwa katika historia ya nyimbo za Waswahili. Kuupuuza kumeifanya taaluma iupime wimbo kwa mizani ambayo watendaji wake hawaitumii, na kuiacha ile wanayoitumia ipotee pamoja nao. Bi Kidude alifariki mwaka 2013, Mohamed Khamis Juma Bhalo na Muhiddin Maalim Gurumo mwaka 2014, Zein l'Abdin mwaka 2016. Maneno ya nyimbo zao yanaweza kupatikana kwa wingi. Yale waliyowacheka wenzao kwayo ni machache mno yaliyoandikwa.

Ni vyema kuutofautisha utani na matusi. Katika jamii za Afrika Mashariki utani ni taasisi. Mtani ana idhini ya kusema asiloweza kusema mwingine, hata msibani, na anayekasirika ndiye mwenye makosa. Wanamuziki wameiazima idhini hii na kuifanya chombo cha kazi. Mpiga dumbak anayeikimbiza midundo ataulizwa amefukuzwa na nani. Mpiga fidla anayechelewa kulinganisha nyuzi ataambiwa harusi itaisha na bibi harusi atapata wajukuu. Maneno haya yanachekesha, lakini kila moja limebeba hukumu ya kiufundi: mwendo umeharibika, sauti hazijapatana. Hukumu hiyo ingetamkwa waziwazi mbele ya kundi zima, ingekuwa fedheha na pengine ingelivunja kundi. Inapovishwa kicheko, aliyekosea hupata nafasi ya kujirekebisha bila ya kulazimika kukiri kosa.

Kejeli inayokiri

Chimbuko la tabia hii halipaswi kutafutwa katika taarab peke yake. Ushairi wa Kiswahili umezoea kujibizana tangu zamani. Muyaka bin Haji wa Mombasa alirushiana tungo na washairi wa Lamu wakati miji yao ilipokuwa ikihasimiana. Ngoma za beni, zilizoanza pwani ya Kenya miaka ya 1890 na kuenea hadi bara la Tanganyika, ziliwagawa wachezaji katika kambi kama Marini na Arinoti, na Ranger (1975) ameonyesha jinsi kambi hizo zilivyoshindana kwa mavazi, gwaride, karamu na nyimbo za kubezana. Mjini Mombasa vikundi vya lelemama vya wanawake vilifanya vivyo hivyo. Zanzibar nayo ilikuwa na vikundi vya taarab vya wanawake vilivyojiita Royal Air Force na Royal Navy, majina ambayo peke yake yanatosha kueleza ni vita vya namna gani vilivyokusudiwa.

Mfano ulio tajiri zaidi, hata hivyo, ni ule wa Siti binti Saad, na unastahili kutazamwa kwa utulivu. Siti alizaliwa Fumba, nje ya mji wa Zanzibar, katika familia ya watu wa hali ya chini. Aliuza vyungu kabla ya kuwa mwimbaji. Mwaka 1928 alikwenda Bombay kurekodi santuri, na sauti yake ikaenea pwani nzima na ng'ambo yake. Umaarufu huo uliwaudhi baadhi ya watu, na wakatunga utungo mfupi wa kumkejeli ambao bado unakumbukwa mpaka leo. Walimuuliza amekuwa mtu tangu lini, wakamkumbusha kuwa alipoingia mjini alivaa kaniki, na wakamalizia kwa kusema kuwa asingekuwa na sauti asingekuwa na riziki.

Wahakiki wengi wameusoma utungo huu kama ushahidi wa kitabaka, na kwa haki. Kaniki ilikuwa vazi la watumwa na mafukara, na kumtajia mtu kaniki katika Zanzibar ya wakati huo kulikuwa ni kumrudisha mahali alipotoka. Lakini usomaji huo unaishia kwenye mavazi na kuisahau hoja ya mwisho. Wakejeli walitaka kumshusha Siti, na walipofika mwisho wa utungo wao wakajikuta wakikiri kuwa ana sauti. Hawakusema kuwa haimbi vizuri. Hawakuthubutu, kwa sababu wasikilizaji wangewacheka wao. Hii ndiyo kanuni ya kwanza ya uhakiki wa wanamuziki: kejeli inaweza kudanganya kuhusu nasaba, uzuri au tabia ya mtu, lakini ikidanganya kuhusu uwezo wake wa sanaa inajiua yenyewe. Hadhira ina masikio.

Jibu la Siti nalo ni la kihakiki. Hakujitetea kwa kutaja mavazi aliyoyapata baadaye, wala hakuwakejeli wapinzani kwa sura zao. Aliihamisha hoja: sura na nasaba si kitu cha kujivunia, aibu ya mtu ni kukosa akili. Kwa maneno mengine aliwaambia kuwa wamemhakiki kwa kigezo kisichofaa. Mwalimu wa nadharia ya uhakiki angehitaji kurasa kadhaa kulieleza jambo hilo. Siti alilieleza kwa wimbo, na akauimba mbele ya watu waliokuwa wakiujua utungo wa kwanza kwa moyo.

Paa na paa

Iwapo kejeli ya wapinzani inahusu nani ana haki ya kuimba, utani wa wenzi wa kundi moja unahusu zaidi jinsi neno linavyoimbwa. Hapa ndipo mhakiki wa fasihi anapoweza kujifunza mengi zaidi, kwa kuwa ni eneo ambalo karatasi haliwezi kulionyesha kabisa.

Kaluta Amri Abedi, katika Sheria za Kutunga Mashairi (1954), aliuhesabu uimbikaji kuwa sifa ya lazima ya shairi. Ibrahim Noor Shariff naye katika Tungo Zetu (1988) alisisitiza uhusiano wa tungo na uimbaji wake. Katika mjadala mrefu baina ya wanamapokeo na wanamabadiliko uliopamba moto miaka ya 1970, neno hilo la uimbikaji lilitajwa na kila upande. Ajabu ni kwamba mwimbaji mwenyewe aliitwa kutoa ushahidi kwa nadra sana. Angeitwa, angeeleza kuwa mizani minane kwa minane haimhakikishii mtu lolote. Kuna ubeti uliotimia mizani yote na bado ukamkwama kooni, na kuna ubeti wenye upungufu unaoteleza kama maji.

Sababu moja ni mkazo. Katika Kiswahili mkazo huangukia silabi ya pili kutoka mwisho, isipokuwa katika maneno machache. Mahadhi nayo yana mikazo na mivuto yake. Mambo haya mawili yakigongana, neno huumia. Neno "barabara" likivutwa kwenye silabi ya tatu ni njia ya kupita magari. Likivutwa kwenye ya pili maana yake ni sawasawa. Neno "walakini" lina hatari kubwa zaidi katika wimbo wa mapenzi. Mtunzi aliyeandika kiunganishi cha kawaida anaweza kumsikia mwimbaji, kwa kuivuta silabi isiyostahili, akimtangazia bibi harusi kuwa ana walakini, yaani dosari. Kosa kama hilo likitokea ukumbini, mwenye kuliimba hatasahaulishwa kwa urahisi, na bila shaka jina jipya la utani litamngoja kwenye mazoezi yanayofuata.

Tatizo hili lilipata uzito maalumu Mombasa, ambako mahadhi ya filamu za Kihindi yalipendwa mno na yakaingizwa katika taarab. Juma Bhalo ndiye anayetajwa zaidi katika mkondo huo, na tungo nyingi alizoziimba zilitoka kwa jamaa yake Ahmad Nassir, mwandishi wa Malenga wa Mvita (1971). Mahadhi ya Kihindi yalitungiwa lugha yenye irabu fupi na irabu ndefu zinazotofautisha maana. Sauti hushikiliwa pale irabu ilipo ndefu. Ukiyatoa maneno ya Kihindi na kuyatia ya Kiswahili, mvuto hubaki palepale ulipokuwa, lakini chini yake sasa kuna silabi ambayo haikutarajia kuvutwa. Mtunzi mzembe huyajaza mahadhi kama mtu ajazaye gunia. Mtunzi stadi husikiliza kwanza, akatafuta neno ambalo mkazo wake unaangukia pale mahadhi yanapotulia. Katika hili ustadi wa Ahmad Nassir unaonekana zaidi mtu anapomsikiliza Bhalo kuliko anapozisoma tungo zenyewe kitabuni.

Wapenzi wa udi, ambao Zein l'Abdin wa Lamu alikuwa fahari yao, waliyaona mahadhi hayo ya kuazima kuwa ni uvivu. Wapenzi wa upande wa pili walijibu kuwa udi wenyewe haukuota Lamu. Mabishano haya yamedumu kwa miongo mingi katika baraza za Mombasa, na yana sura zote za utani: hayana mshindi, hakuna anayetaka yamalizike, na kila upande unazijua kwa moyo nyimbo za upande mwingine. Kwa mtafiti yana thamani kubwa, kwani ndani yake mna swali ambalo nadharia ya ushairi wa Kiswahili haijalijibu vya kutosha: je, mahadhi ni sehemu ya utungo, au ni nguo tu inayoweza kuvuliwa na kuvishwa mwingine?

Kero nyingine ni ya matamshi. Kimvita na Kiamu hutofautisha kwa pumzi maneno ambayo maandishi sanifu huyaandika sawa. Paa la nyumba hutamkwa bila ya pumzi. Paa, mnyama, hutamkwa kwa pumzi. Ushairi wa mapenzi wa pwani umempenda sana mnyama huyo na kumfananisha na mwanamke mzuri. Mwimbaji asiyekuwa na pumzi hiyo ulimini mwake humgeuza mpenzi kuwa makuti au mabati, na wenyeji huangua kicheko. Upatanisho wa kisarufi humwokoa kwa kiasi fulani, kwa kuwa hakuna anayelikimbilia "paa mwenye macho mazuri" akidhani ni la nyumba. Lakini kicheko huwa kimekwisha kutoka.

Hapa inabidi kuwa na tahadhari. Kicheko cha matamshi kina manufaa kwa sababu kinahifadhi tofauti za sauti ambazo hati ya Kirumi imezifuta. Kwa upande mwingine, ni kicheko kilekile kilichomfuata Siti na kaniki yake. Mara nyingine mwimbaji huchekwa kwa kutoka mahali fulani, si kwa kukosea. Mhakiki anayeyakusanya maneno ya wanamuziki hana budi kuipima kila kauli na kuuliza: je, hii inamhukumu mtu kwa alichokifanya jukwaani, au kwa alivyozaliwa? Wanamuziki wenyewe hawaichori mipaka hiyo kila mara.

Watani wa jadi

Katika muziki wa dansi wa Dar es Salaam utani umefikia kuwa mfumo mzima. Msondo na Sikinde huitwa watani wa jadi, kwa jina lilelile wanaloitwa Simba na Yanga katika kandanda. Msondo ni bendi iliyoanza mwaka 1964 kwa jina la NUTA Jazz, ikaitwa JUWATA, kisha OTTU, kwa kufuata majina ya vyama vya wafanyakazi vilivyoimiliki. Sikinde ni DDC Mlimani Park, iliyoanzishwa mwaka 1978. Majina Msondo na Sikinde ni ya mitindo yao ya uchezaji, na yote mawili yanarudisha fikra kwenye ngoma za kienyeji.

Jambo la kuzingatia ni kwamba watani hawa walikuwa wakibadilishana watu. Gurumo alikuwa na NUTA tangu mwanzo, akahama na kushiriki katika kuanzishwa kwa Mlimani Park, mwaka 1985 akaenda Orchestra Safari Sound, na hatimaye akarejea kwenye bendi aliyoanzia. Katika mazingira kama hayo kumkejeli mpinzani ni jambo la hatari ya aina yake, kwa maana unayemcheka leo kwa kupiga gitaa kama anayechuna mchicha anaweza kuwa amesimama kando yako mwezi ujao. Utani ulilazimika kuwa na kiasi. Uliruhusiwa kusema kuwa bendi ile inaiga, kwamba mtindo wao umechacha, kwamba mashabiki wao wamezeeka. Haukuruhusiwa kufunga mlango.

Gunderson na Barz, katika mkusanyiko waliouhariri na kuuita Mashindano! (2000), wameonyesha kuwa ushindani ni mhimili wa utendaji wa muziki katika eneo hili, wala si kasoro iliyojiingiza. Ni hoja yenye nguvu. Kinachoweza kuongezwa ni kwamba ushindani huo ulikuwa pia shule. Shutuma ya kuiga, ambayo pengine ndiyo kero kubwa kuliko zote miongoni mwa wanadansi, iliwalazimisha watunzi kutafuta sauti zao. Bendi iliyopiga nyimbo za wengine ilidharauliwa na wenzao hata kama kumbi zilijaa. Morogoro kulikuwa na jambo kama hilo kabla ya Dar es Salaam: Cuban Marimba ya Salum Abdallah na Morogoro Jazz, ambamo Mbaraka Mwinshehe alikua kisanaa, zilikaa katika mji mmoja mdogo na kusikilizana kila juma. Ni vigumu kuamini kuwa mji huo ungetoa muziki mwingi kiasi hicho kama ungekuwa na bendi moja tu.

Tuzo na mipasho

Katika taarab kero inayozua maneno mengi zaidi ni tuzo. Kwa desturi msikilizaji aliyeguswa na ubeti huinuka, akacheza hadi mbele, akampa mwimbaji fedha. Tendo hilo lina ufasaha wake. Askew (2002), aliyefanya utafiti Tanga, ameeleza jinsi mtunzaji anavyouchagua mstari fulani, akauelekeza kwa macho au kwa mkono kwa hasimu wake aliyeketi ukumbini, na kwa njia hiyo akasema asilolisema kwa kinywa chake. Mtunzi aliandika fumbo moja. Kila mtunzaji hulifumbua kwa jirani yake. Ni mfano bora wa hadhira inayoikamilisha kazi ya fasihi, na unawafaa wanafunzi kuliko mingi inayotolewa katika vitabu vya nadharia vya Ulaya.

Kwa mpigaji ala, hata hivyo, tuzo ni adha. Wimbo hurefushwa kwa kurudiarudia ubeti mmoja kwa sababu foleni ya watunzaji haijesha. Bashraf, ule mwanzo wa ala tupu ambao wapigaji huutumia kuonyesha ustadi wao, hupita huku watu wakisalimiana na kutafuta viti. Macho yote na noti zote humwendea aliyeshika kipaza sauti. Utani wa wapigaji dhidi ya waimbaji unatokana na hali hiyo, na chini yake kuna hoja ya kihakiki isiyopaswa kupuuzwa: tuzo humpa mshindi fumbo, haimpi mshindi muziki. Wimbo unaoweza kurushwa kama jiwe utatuzwa kuliko wimbo ulio mzuri.

Hoja hiyo ilithibitika katika miaka ya 1990. Tanzania One Theatre, iliyoongozwa na Kapteni John Komba, na Muungano Cultural Troupe ya Norbert Chenga zilishindana kwa taarab ya mipasho, na majina ya Khadija Kopa na Nasma Khamis yakawa midomoni mwa watu hadi Mombasa. Wahakiki wengi wa wakati huo waliipuuza mipasho wakisema ni matusi na kwamba imeua mafumbo. Hukumu hiyo ilikuwa ya haraka. Lelemama na vikundi vya Zanzibar vilikuwa vimepashana kabla ya hapo, na hakuna aliyesema kuwa taarab imekufa. Sauti za waimbaji wale wawili, kwa yeyote anayezisikiliza bila chuki, hazikuwa za kubahatisha.

Kilichobadilika ni mahali pa utani. Hapo awali waliokejeliana waliishi mtaa mmoja, wakazikana, wakaoana. Sasa kejeli iliandaliwa kuuzwa: kwa tiketi, kwa kanda, na kwa fahari ya vikundi vikubwa vyenye wafadhili, kimojawapo kikiwa cha chama tawala. Mtani wa kweli anaweza kunyamaza akiona mwenzake ameumia. Mwimbaji aliyetangazwa kwenye bango kuwa atampasha mpinzani wake hana uhuru huo. Pia haikuwa bahati mbaya kwamba waliowekwa mbele kupashana walikuwa wanawake, ilhali viongozi wa vikundi walikuwa wanaume. Kilichokuwa kimebaki cha uhakiki katika mashindano hayo, yaani ubishi kuhusu nani ana pumzi ndefu zaidi, nani analitamka neno likasikika, nani hashuki sauti, kilifunikwa na ubishi kuhusu nani ana mume. Taarab iliyoitwa ya kisasa, ya vikundi kama Jahazi kilichoanzishwa mwaka 2006, iliurithi mfumo huo pamoja na kinanda cha umeme.

Yasiyotaniwa

Uhakiki wa wanamuziki una vipofu vyake, na kuusifu bila kuvitaja kungekuwa kuuonea. Utani huhitaji usawa. Chipukizi aliyejiunga na kundi jana hawezi kumtania kiongozi aliyekosea mwanzo wa wimbo. Atacheka pamoja na wengine pindi lawama ikimwangukia mpiga rika. Mgawo wa fedha hutaniwa kwa woga sana, na pale unapotaniwa mara nyingi kundi huwa limekwisha kupasuka: Lucky Star ya Tanga ilitokana na mpasuko wa Black Star, na miji ya pwani ina visa vingi vya namna hiyo. Nafasi ya mwanamke kwenye ala nayo kwa miaka mingi haikutaniwa hata kidogo, kwa sababu haikufikiriwa. Alipewa kuimba, na katika vikundi vingi ala zikabaki kwa wanaume. Bi Kidude na msondo wake alikuwa kioja kwa wageni, ilhali katika unyago wanawake walikuwa wamepiga ngoma daima bila ya kumshangaza mtu.

Ukimya wa namna hiyo nao ni data. Mtafiti anayehudhuria mazoezi akiyaandika yanayochekwa ataona punde yale yasiyochekwa, na pengine ndiyo yatakayomfundisha zaidi. Sharti ahudhurie, lakini. Idara za Kiswahili zimewatuma wanafunzi nyanjani kukusanya methali, vitendawili na ngano kwa miaka mingi, na wamerudi na madaftari yaliyojaa. Mazoezi ya kundi la taarab hayajahesabiwa kuwa nyanja, ingawa mengine hufanyika umbali wa dakika chache kutoka darasani.

Vyanzo vingine vilikuwa tayari vipo. Baadhi ya kanda za taarab zilizouzwa madukani Mombasa zilirekodiwa palepale harusini. Baina ya wimbo na wimbo husikika udi ukilinganishwa, mtu akikohoa kwenye kipaza sauti, vigelegele, mwimbaji akimwambia mpigaji neno, na kundi zima likicheka. Mtafiti anayenakili maneno ya nyimbo huzirukisha sehemu hizo ili aufikie ubeti. Na kanda hizo zinapohamishwa kwenye kompyuta, aghalabu kila wimbo hukatwa peke yake, ukapewa jina la mwimbaji na idadi ya dakika, na yaliyosalia yakafutwa.